Ile ya Mezani na Ile ya Kubeba

Jumatatu, 16 Mei 2016

Mvua imeanza kunyesha sawasawa. Paa la kontena langu la kazi linapiga kelele hadi mteja akitaja jina lake inabidi alirudie mara tatu. Nimeanza daftari hili kwa sababu kichwa kimejaa na sina wa kumwambia. Naandika Kiswahili nilichojifunza nikisomea uhazili Eldoret. Hapa Munuki, mtaa wa Juba, vijana wanasoma Kiingereza, wazee wanasoma Kiarabu, na Kiswahili wanakizungumza tu sokoni. Nikiandika hivi nahisi nimefunga mlango, ingawa najua kufuli yenyewe ni ya kitoto.

Kazi yangu ni kuchapa barua na kutunza karatasi za watu. Karatasi za watu wa hapa zimeshaungua, zimeshalowa na zimeshaibwa tangu tulipokuwa wakimbizi Uganda, na zikaungua tena vita vilipoingia mjini mwaka 2013. Kwa hiyo wananiletea: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, barua ya ndoa, cheti cha shule ya Adjumani. Nazipiga skana na kuzihifadhi, ili wakipoteza za mkononi wanikute mimi. Ni familia zaidi ya mia tatu. Zote zimo ndani ya kompyuta moja ya mezani, boksi la kijivu nililolifunika kitambaa cha kufuma.

Mchana alikuja Emilio, mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi wa simu na kompyuta katika soko la Konyo Konyo, na mdomo wake haupumziki hata akiwa ameshika bisibisi kwa meno. Anasema nahitaji laptopu.

"Shemeji, hii ya mezani iko kama jiwe. Vita ikikuja, wewe utakimbia na jiwe?"

"Nani amekuambia vita inakuja?"

"Hakuna mtu. Lakini wewe ukikuwa na mbili, moja ya kukaa, moja ya kukimbia, unalala usingizi."

Nilimfukuza. Usingizi wenyewe sikuupata.

Alhamisi, 19 Mei

Jenereta ya Soro imegoma, umeme hakuna. Sikuchapa kitu.

Jumanne, 24 Mei

Nimeshinda na swali la Emilio kichwani. Ile ya mezani naijua. Vidole vyangu vinaipata kila herufi bila kutazama, na skrini yake ni kubwa hata bibi mwenye mtoto wa jicho analiona jina lake. Hakuna kibaka atakayeipakia kwenye boda. Lakini ni kweli kwamba ni jiwe. Moto ukipita hapa mara moja tu, watu wa familia mia tatu na zaidi wanabaki bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba walizaliwa.

Laptopu inabebeka, na hapo ndipo ninapoogopa. Ninachoweza kubeba mimi, mwingine pia anaweza. Mwanamke mwenye laptopu kwenye kizuizi cha barabarani haonekani mchapaji. Wanamwona mtu wa mashirika, au mwandishi wa habari, au mtu wa upande fulani. Nimejaribu kujiambia kwamba ni woga wa kike. Si kweli, ni woga wangu mimi Santina, nilizaliwa nao.

Rebecca ameniambia ninunue. Rebecca anauza chai mlangoni kwangu na ananitoa roho: anachaji simu yake kwangu bila kuomba, kisha ananiwekea mtoto juu ya meza ya kazi eti nimshikie hadi maji yachemke. Mtoto ni msichana wa miezi tisa, Nyamal. Rebecca anatoka kwa wale watu ambao siku hizi kabila lao linatajwa kwa kunong'ona. Sitaliandika humu.

"Nyamal ni jina ya amani, dada," aliniambia. Yeye alikulia kambi ya Kakuma, Kiswahili chake ni cha huko. "Lakini ukiita kwa sauti hapa barabarani, watu wanageuka."

Mimi sikujaliwa mtoto. Nyamal alikuwa anatafuna waya wa kipanya changu na sikumnyang'anya.

Alhamisi, 2 Juni

Soro ameniogopesha.

Soro ndiye mwenye jenereta inayolisha maduka yote ya mstari wetu. Ni mtu asiyecheka. Kaka yake ni mwanajeshi, mwenye nyota begani. Leo alikuja kukagua waya, akasimama nyuma yangu na kutazama skrini.

Lazima nieleze kosa langu hapa, nisije nikajidanganya. Mtu wa huku ana jina lake, la baba na la babu, na kina Emilio peke yao ninao kumi na mmoja. Kwa hiyo kila faili nimeipa majina matatu ya mtu, na mwisho mahali pa kwao. Nilijiona mjanja sana. Mteja akija namkuta kwa sekunde moja.

"Hii yote inaonekana hivi tu?" aliuliza Soro. "Bila kufungua?"

"Ndiyo, baba."

Aliweka kidole kwenye skrini, akateremka nacho polepole, jina baada ya jina, kijiji baada ya kijiji. Kikasimama kwa Rebecca.

"Mtu akiona hii, hana haja ya kuuliza nani anakaa wapi," alisema. "Futa, mama."

Akaondoka. Kwa nini kidole chake kilisimama pale? Kwa nini anataka kujua ninachokiweka? Chai ya Rebecca ilinishinda kunywa, naye akadhani nimeidharau.

Ijumaa, 3 Juni

Nilianza kubadilisha majina kuwa namba. Nilipofika arobaini akaja mama mmoja kutaka cheti cha mwanawe cha ubatizo, na sikujua ni namba ngapi. Tulifungua arobaini zote, yeye ananung'unika. Nikarudisha majina. Kwa namba lazima niwe na orodha ya namba, na orodha ndiyo ile ile ninayoiogopa.

Jumamosi, 11 Juni

Nimefanya. Nimempa Emilio cherehani ya marehemu, naye kaniletea laptopu. Ni nyeusi, nzito kidogo, na juu yake kuna kibandiko cha ndizi alichobandika yeye mwenyewe. Ilikuwa ya mzungu wa shirika aliyeondoka. Amenakili kila kitu, kwa hiyo watu wangu sasa wako mahali pawili. Kwa siku moja nimejiona tajiri.

Jumatatu, 13 Juni

Betri imekufa! Ukichomoa waya, inazima pale pale. Si dakika kumi, si moja. Nimenunua kompyuta ya mezani nyingine iliyojikunja. Nilimpigia Emilio nikamwaga maneno yote.

"Pole, Shemeji, nitatafuta betri Kampala."

"Na nikikimbia nayo, nitakimbia na waya ukutani?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Rebecca ndiye aliyecheka hadi akamwagikiwa na chai.

Jumanne, 21 Juni

Mvua. Askari wengi barabarani, wa pande zote mbili, wa rais na wa makamu wake, na hawasalimiani.

Jumapili, 26 Juni

Baada ya misa Emilio alikunywa chai kwa Rebecca na watu kama sita, na mdomo wake ukafanya kazi yake. "Munuki yote iko kwa Shemeji wangu," alitangaza, "kwa mashine mbili! Ikiungua moja, iko ingine." Watu walinisifu. Mmoja wa wanywaji simjui. Alivaa viatu vya jeshi na shati la kawaida, na aligeuka akalitazama kontena langu kuanzia juu hadi chini.

Nilikuwa nikifikiri mashine mbili ni usalama mara mbili. Leo nimeona kwamba ni milango miwili ya kuwafikia watu wangu, na mimi nina kufuli mbovu tu. Namchukia Emilio kwa mdomo wake. Najichukia kwa kujiona tajiri.

Jumatano, 29 Juni

Yule wa viatu alipita tena. Hakununua chai.

Alhamisi, 7 Julai

Wanasema kuna askari wameuawa jana au leo, huko Gudele, kwenye kizuizi. Kila mtu ana idadi yake. Maduka yamefungwa saa tisa.

Rebecca alikuja na Nyamal kifuani. Kwa mara ya kwanza hakuleta simu ya kuchaji.

"Dada, karatasi yangu na ya mtoto. Toa kwa hiyo mashine kubwa."

"Nikitoa, nawe ukapoteza kadi, utaonyesha nini kwamba huyu ni wako?"

"Sasa wakipata, nitaonyesha nini? Hii uso yangu inatosha, wasipate na nyumba pia."

Nilimwita Emilio, akaja na boda mbio. Nimeamua. Zote zibaki kwenye ya kubeba, ile ya mezani isafishwe. Nitakuwa na mashine mbili lakini siri moja, na siri hiyo nitakuwa nayo mwilini. Emilio alikaa mbele ya boksi kama nusu saa, kisha akasema, "Kalas, Shemeji. Imekwisha." Nilitazama skrini. Ilikuwa nyeupe kabisa.

Ijumaa, 8 Julai

Milio ya bunduki tangu alasiri, upande wa katikati ya mji. Nimelala chini ya kitanda. Siandiki zaidi.

Jumamosi, 9 Julai

Sikukuu ya uhuru. Kimya. Hakuna hata jogoo.

Jumanne, 12 Julai

Naandika nikiwa kanisani, sakafuni, kati ya magodoro ya watu wengine. Wametangaza kwamba vita vimesimama. Nyamal amelala mapajani mwangu. Nitaandika yote, maana nisipoandika nitayaona kila nikifumba macho.

Jumapili asubuhi mabomu yalianza upande wa Jebel, kisha bunduki zikawa karibu, kisha zikawa mtaani kwetu. Rebecca aliingia kwangu kupitia tundu la ua wa mabati. Hakuwa na viatu. Alisema wameshaingia nyumba tatu upande wa kisima na wanauliza watu salamu, kwa sababu mtu akijibu wanajua ametoka wapi.

"Mchukue," alisema, akaninyooshea mtoto. "Mimi na yeye tukipatwa pamoja, tunakwisha pamoja. Wewe wanakuacha."

"Nawe?"

"Nitaingia kambi ya UN, upande wa uwanja wa ndege. Peke yangu naweza kulala kwa mtaro. Na mtoto siwezi, atalia."

Alimnyonyesha akiwa amesimama, haraka, mlango uko wazi. Nilitaka kumwambia asubiri na hakukuwa na cha kusubiri. Alivyotoka hakugeuka, nadhani angegeuka asingeondoka.

Nilichukua laptopu. Mtu atasema nilikuwa mwendawazimu, na labda nilikuwa. Lakini ndani yake kulikuwa na familia zaidi ya mia tatu, na niliamini hakuna pengine walipobaki. Niliifunga mgongoni kwa leso moja, ikalala bapa, kisha nikambeba Nyamal juu yake kwa leso nyingine. Chaja niliisukuma ndani ya mfuko wa nepi. Tukatoka wanawake kama kumi na tano, tukitembea kuelekea kanisani kwa mstari, mikono juu.

Kizuizi kilikuwa pale kwenye stendi ya boda. Askari wawili, mmoja kijana sana, macho mekundu. Waliwapitisha wenzangu. Mimi nikazuiwa.

"De shunu?" alisema yule kijana, kwamba hiki ni nini, akanigonga mgongoni kwa mtutu. Kitu kigumu kililia ko, ko.

"Ni mtoto, baba."

"Mtoto iko ya mbao?" alisema yule mkubwa. Huyo alijua Kiswahili, cha Uganda kama cha Emilio. Hata kufuli yangu ya kitoto ilifunguka hapo. "Fungua."

Nilimfungua mtoto. Nilifungua laptopu. Niliiweka chini kwenye matope na nikamkumbatia Nyamal kwa mikono yote miwili. Nilikuwa najua kila kilichomo. Nilikuwa naliona faili la Rebecca, majina matatu na kwao, na chini yake la Nyamal, jina la mama limeandikwa wazi kwa mwandiko wa nesi. Wakiwasha tu, wataona yule mtoto niliyemshika si wangu, ni wa nani, na anatafutwa nani mwingine.

Kijana alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akaibonyeza kwa muda mrefu, kama mtu anayemziba mwenzake mdomo.

"Wewe washa."

Nilibonyeza. Hakuna kilichowaka.

"Betri imekufa, baba. Ilikufa zamani. Ni ya shemeji yangu, fundi, anaitengeneza."

"Mashine imekufa, wewe unabeba ya nini?"

"Atanigombeza nikiiacha."

Yule mkubwa alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoniogopesha kuliko bunduki. Kisha akamwinamia mtoto.

"Jena taki? Isim to munu?"

Kama ni wangu. Jina lake nani. Nyamal alikuwa anamtazama kifuani, kwenye vifungo vinavyong'aa. Jina lake lilikuwa limenijaa mdomoni. Kidogo tu liponyoke.

"Tisa," nilisema, tarehe ya sikukuu ndiyo iliyonijia. "Anaitwa Tisa. Ni wangu."

Wakatuachia. Laptopu wakabaki nayo.

Jumatano, 13 Julai

Wameichukua. Siku nzima nawaza hilo tu. Chaja ninayo mimi, lakini chaja zinauzwa. Mtu ataichomeka mahali, kibandiko cha ndizi na vyote, na Munuki nzima itatokea mbele yake, kijiji kwa kijiji. Padre anagawa uji. Nyamal alikula wangu.

Ijumaa, 15 Julai

Nimerudi dukani na mtoto mgongoni. Mlango wa kontena umeng'olewa. Printa haipo, skana haipo, hata kitambaa changu cha kufuma. Skrini imeondoka. Lakini boksi la kijivu lipo sakafuni, limefunikwa gunia lililolowa mafuta.

Soro alitokea nyuma ya jenereta yake. Alikuwa amepungua mwili. Nilirudi nyuma hadi nikagonga ukuta.

"Walichukua ile televisheni," alisema, akimaanisha skrini. "Wakauliza, na hii boksi? Nikawaambia hiyo stabilaiza ya jenereta yangu, imeungua. Nikaweka gunia."

"Kwa nini, baba?"

Alinitazama kama ananishangaa.

"Mke yangu ni watu ya kwao na Rebecca. Miaka kumi na mbili. Wewe hukujua? Jina yake iko kwako pia. Ndiyo nikakwambia futa."

Nilikaa juu ya lile boksi na nikalia kwa aibu. Kidole chake siku ile kilikuwa kinamtafuta mkewe, nami nikamfanya jasusi. Nikamwambia asiogope, boksi ni tupu, nilishalisafisha. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru Mungu.

Jumapili, 17 Julai

Emilio amekuja.

"Shemeji, ile laptopu ilikuja kwangu."

Nilipaswa kujua. Chochote kinachonyang'anywa mji huu, kama kina waya, kinaishia Konyo Konyo kwa mafundi. Askari kijana aliileta Alhamisi, akakaa kwenye kiti cha Emilio na soda, bunduki mapajani.

"Akasema washa, mimi nataka muziki. Mimi nikaona ndizi yangu. Shemeji, mkono yangu ilikufa. Nikamwambia hii ina virusi, lazima nisafishe yote. Akasema safisha. Nikasafisha yeye anaangalia. Kila kitu. Nikamwekea nyimbo, akaenda."

Jina la Rebecca liko salama. La mke wa Soro liko salama. Na familia zaidi ya mia tatu zimefutika. Yule mama wa cheti cha ubatizo, nyumba yake imeungua, ameshakuja mara mbili kuniuliza. Nilimwambia Emilio amefanya vizuri, kisha nikalia kama nimefiwa upya.

Ndipo akaanza kujikuna kichwa.

"Kuna kitu ingine. Ile ya mezani, mimi sikufuta."

"Umesema nini?"

"Nilificha tu. Fundi hafuti ya kwanza kabla hajafungua ya pili siku ingine, kuona kama imeshika. Ndiyo kazi yetu hivyo. Nilitaka kurudi Ijumaa kufuta. Ijumaa ikakuwa ile Ijumaa."

Nilimpiga kofi. Siku nane boksi lile limelala sakafuni mlango ukiwa wazi, na watu wote ndani yake, na Soro amehatarisha maisha yake kwa kulisemea uongo, na mimi nimemwapia kuwa ni tupu! Nyamal akaanza kulia. Emilio akambeba, shavu likimwasha, akamwimbia kwa Kiganda.

Kisha nikaelewa kwamba wapo. Wote wapo.

Jumatano, 20 Julai

Emilio ameazima skrini na printa, Soro ametupa umeme. Nilimwambia Soro ukweli kwanza. Akasema, "Basi fungua, mimi nasimama mlangoni." Za mkewe na za Rebecca na mtoto tulizichapa kisha tukazifuta humo, zikabaki kwenye karatasi tu. Yule mama wa ubatizo amepata cheti chake, akakikunja mara nne na kukiweka ndani ya nguo.

Jumapili, 24 Julai

Rebecca amepiga simu kutoka kambini. Sauti inakatika. Nilimweka Nyamal kwenye simu, akailamba.

"Dada, mpeleke Uganda," alisema. "Hapa ni kipindupindu. Wanawake wakitoka kutafuta chakula wanashikwa huko nje. Mimi siwezi kutoka."

"Hadi mpakani Nimule kuna vizuizi njia nzima. Wataniuliza karatasi ya mtoto."

"Wewe ni mchapaji. Andika ni yako."

Nilipangusa simu kwa leso.

"Andika," alirudia. "Lakini yangu usichome."

Nimeichapa. Tisa, mama yake Santina. Nimechapa vyeti maelfu na vidole havijawahi kuwa vyepesi namna hii. Niliisoma mara nyingi. Lazima niandike hapa kwamba niliipenda ile karatasi, na kwamba nimejiogopa.

Alhamisi, 28 Julai

Elegu, upande wa Uganda.

Tumetoka alfajiri, magari mengi yakifuatana, Emilio mbele yangu na bisibisi zake. Kabla ya kuondoka aliitoa diski ndani ya boksi la kijivu, kitu cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Nimeifunga kwenye nepi. Boksi tupu tumemwachia Soro, sasa ni stabilaiza kweli. Kadi ya kliniki ya Nyamal imo ndani ya kopo la uji, chini ya unga. Karatasi ya Tisa niliishika mkononi.

Vizuizi sijui ni vingapi. Kila kimoja niliteremka, nikasema Tisa, nikasema wangu. Mara ya kwanza ilibidi nirudie. Baada ya kizuizi cha Nesitu jina lilitoka lenyewe, na mtoto akageuka nilipomwita hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya msimu huu. Rebecca anaweza kufa kule. Nikinyamaza tu, hakuna mtu duniani atakayeuliza.

Kwenye hema la kuandikisha kuna kijana Mganda mwenye kompyuta mezani na laptopu pembeni. Alipokea karatasi yangu.

"Karibu, mama. Mtoto ni Tisa?"

Emilio alinitazama.

Nilipiga magoti, nikafungua kopo, nikaingiza mkono kwenye unga. Kadi ilitoka nyeupe, nikaipangusa kwa leso.

"Anaitwa Nyamal," nilisema. "Mama yake ni Rebecca. Yuko hai, yuko Juba. Mimi nimembeba tu."

Kijana aliziweka karatasi mbili sambamba. "Na hii?"

"Hiyo ni ya njiani."

Akaichana, akaanza kuandika. Nilisimama nyuma yake nikasoma kila herufi hadi mwisho. Mikono yangu ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko, na Nyamal alikuwa anaulamba.

"Tayari, mama," alisema.

"Umeiweka hapo tu," nilimuuliza, "au na mahali pengine?"